Kambi ya Bi Fusae

Huku kwetu Nibusawa, kaskazini kabisa mwa Japani, hakuna mtu anayelala ndani ya hema. Ukimwona mtu kalala ndani ya hema, jua huyo katoka Tokyo, au Osaka, au kwingine ambako dubu wamefungiwa nyuma ya vioo na watu wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama. Sisi tuna nyumba, nyumba zina milango, na milango ina makomeo. Kwa hiyo mji mzima ulipigwa na butwaa siku Bi Fusae Onodera alipoteremka kwenye basi amekumbatia furushi la hema. Mjane wa miaka sitini na minane, aliyemaliza ujana wake kiwandani akipasua samaki, na ambaye hajawahi kulala nje hata siku moja! Hema la nini tena?

Simu ndiyo iliyoanzisha yote. Mwanawe wa pekee, Kensaku, anaishi Saitama, mbali na kwetu kwa safari ya ndege, na mkewe Minori na binti yao Kotoha, aliyeanza darasa la pili mwaka huu. Katikati ya mwezi wa nane tuna siku za Bon, wafu wanaporudi nyumbani kututembelea, na walio hai nao hurudi kuwapokea. Lakini Kensaku alikuwa hajarudi kwa Bon mbili mfululizo, mara kazi zimembana, mara mtoto ana homa, mara nafasi za ndege zimekwisha. Bi Fusae aliwasha taa ya kumpokea marehemu mumewe akiwa peke yake, akakaa sebuleni peke yake, na siku ya mwisho akaizima peke yake.

“Mama, mwaka huu tunakuja,” Kensaku akasema kwenye simu. “Ila Kotoha anataka kupiga kambi. Darasani kwao anasema kabaki yeye tu. Nikamwambia, bibi yako anakaa pua na mdomo na kambi nzuri kuliko zote, ile ya mlangoni mwa mto. Tutalala pale wote. Na wewe.”

“Mimi? Ndani ya hema?”

“Bibiii!” sauti ya Kotoha ikaingia, inaonekana alikuwa amemkalia baba yake mapajani. “Usiseme hapana! Ukisema hapana nalia!”

“Haya, sijasema kitu, mbona unanitisha?”

Kensaku akaichukua simu, akashusha sauti. “Kuna jambo moja tu, mama. Minori anaogopa dubu. Ameniambia wazi, akisikia dubu kaonekana karibu na kambi, mmoja tu, safari imekufa. Na unamjua Minori. Akisema hapana ni hapana.”

“Hawatakuwepo,” akasema Bi Fusae, utadhani dubu ni wapangaji wake.

Basi ndiyo akaenda mji wa jirani kununua hema. Akanunua na mifuko ya kulalia, na taa, na njuga za kuning'iniza kiunoni za kumjulisha dubu kwamba binadamu anapita. Aliporudi alipitia duka la ushirika, na kwenye kaunta alikuwepo Hisano, rafiki yake tangu enzi za kiwandani, mwanamke asiyeweza kuliacha neno likae mdomoni likapoa.

“We Fusae! Umefukuzwa nyumbani?”

“Na nani? Si nakaa peke yangu?”

“Ndiyo nashangaa. Umejifukuza mwenyewe?” Hisano akaliminya furushi kwa kidole. “La watu wangapi hili?”

“Wanne.”

“Wanne!” Hisano akasema, na safari hii hakucheka. Alijua Bon mbili zilizopita zilikwendaje. “Haya, mwenzangu. Wakija, waambie wapite nimwone huyo mtoto. Mwisho nilimwona hajaanza shule.”

Hema alilisimamisha uani. Ilimchukua nusu siku, maana vijiti vilikuwa vinampiga chenga, akiingiza huku vinatokea kule, na mara mbili upepo ulilibeba likaenda kujibwaga kwenye figili zake. Lilipokaa sawa akaingia, akafunga zipu, akalala chali katikati. Kisha akasema moyoni, hapana, hapa katikati ni pa Kotoha. Akajisogeza pembeni. Hapa mimi, pale mtoto, pale Minori, na Kensaku mlangoni. Alitaka kujua tu kama watatosha. Walitosha. Akabaki amelala pale pembeni kabisa, ubavu umegusa kitambaa, akitazama ile nafasi ya watu watatu, mpaka jasho likamtoa nje.

Anayeiangalia kambi ni Mzee Iwabuchi, aliyesoma darasa moja na marehemu Yoshimitsu, mume wa Bi Fusae. Ni mwindaji wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi. Asubuhi moja Bi Fusae alimfuata kambini, kofia kichwani, njuga kiunoni zikilia kila anapokanyaga.

“Mama Kensaku, nimekusikia tangu darajani. Umekuja kucheza ngoma?”

“Nimekuja kujifunza. Wanangu wanakuja Bon. Sitaki dubu hapa, hata wa kuchora.”

Iwabuchi akacheka, kisha akaona mwenzake hatanii, akaacha. Akamzungusha kambi nzima. Akamwonyesha kasha la chuma la kufungia chakula, na si chakula tu, hata dawa ya meno, hata peremende moja iliyosahaulika mfukoni mwa mtoto. Akamwonyesha pa kupikia, mbali na mahema, kule upepo unakoelekea, ili harufu isiwarudie waliolala. Nguo ulizopikia hulali nazo. Chupa ya pilipili ya kupulizia unaifunga mkandani, huifichi kwenye begi, kwa sababu dubu hatasimama akungoje ufungue zipu.

“Na mwezi huu ndio mbaya,” Iwabuchi akasema. “Samoni hawajaanza kupanda mtoni, mbegu za mwaloni bado bichi. Wana njaa, mbavu nje. Dubu akionja chakula cha binadamu mara moja tu, Mama Kensaku, kwisha habari yake. Atarudi. Na akirudi tunampiga risasi, hakuna mjadala.”

“Na hizi njuga?”

“Nzuri, ila mto ukivuma hazisikiki. Hakuna kelele nzuri kama mdomo. Ukitembea, sema. Akisikia mtu anakuja ataondoka mwenyewe, wala hana hamu na wewe.”

“Niseme nini?”

“Chochote! Imba. Tukana watu. Mke wangu hunisema mimi, kutoka hapa mpaka makaburini, na hajapata kukutana na dubu hata siku moja.”

Sasa hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kufunga chakula kwenye chuma, Bi Fusae aliweza. Kusema, hakuweza. Hakuwa na maneno. Kiwandani mashine zilivuma kutwa, watu wakaelewana kwa macho na viwiko. Nyumbani msemaji alikuwa Yoshimitsu, dereva wa lori la maziwa, aliyekuwa akirudi na habari za kila zizi la ng'ombe kuanzia hapa hadi milimani, nani kagombana na nani, ndama wa nani kazaliwa na doa jicho moja. Yeye Fusae kazi yake ilikuwa kuguna na kucheka. Yoshimitsu alianguka asubuhi moja akiwasha lori, sasa mwaka wa tatu, na tangu hapo nyumba imenyamaza. Kuna siku zilizokwisha tangu macheo hadi machweo, na mdomo hakuufungua ila kwa kula. Siku moja mtu wa posta alimpa kifurushi, akataka kusema asante, sauti ikatoka imekwaruza hata mwenyewe akashtuka. Sikwambii haya ili umwonee huruma. Nakwambia ujue mtu huyu aliambiwa afanye nini.

Alijifunzia kwenye njia inayotoka kambini kupanda makaburini. Ni njia fupi, inapita katikati ya vichaka vya mianzi mifupi ambamo dubu akilala humwoni mpaka umkanyage, na makaburi yenyewe yako juu ya kambi kiasi kwamba ukisimama pale unayaona mahema chini.

“Natembea,” akasema siku ya kwanza. Akaona haya, akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu. “Natembea. Nakata kona. Jiwe hili. Mti huu, gome jeupe. Napanda.” Akawa anataja kila kitu, kimoja kimoja, mpaka akafika. Akaliosha kaburi kwa maji, akawasha ubani, akafumba mikono kuomba kama kawaida, kimya. Lakini wakati wa kushuka, alipofika kwenye mianzi na kukumbuka kwamba lazima aseme, lililomtoka lilikuwa: “Basi nimekuona. Umeota kuvu upande wa nyuma, kesho nakuja na brashi.”

Akasimama. Kisha akaendelea kutembea, na maneno yakaendelea kutoka, jamani, yakatoka kama bomba lililokuwa limeziba. Akamwambia Yoshimitsu habari ya hema lililoruka hadi kwenye figili. Akamwambia Hisano alivyosema. Akamwambia Kotoha amepoteza meno mawili ya mbele na sasa akitamka jina la baba yake anarusha mate. “Na mwanao siku hizi anaongea haraka haraka, utadhani anafukuzwa. Mimi sijamaliza kuitikia, yeye kashasema haya mama kwaheri.” Akafika hadi kumgombeza. “Na wewe nawe! Unatoka kwenda kuwasha lori, unaniambia weka chai, narudi. Nimeweka chai!”

Alilia kidogo hapo, halafu akacheka, na alipofika kambini Mzee Iwabuchi akamwinulia kidole gumba kutoka mbali. “Safi sana, Mama Kensaku! Nimekusikia! Dubu wote wamehamia Urusi!”

Kesho yake akarudi na brashi. Keshokutwa akarudi bila sababu. Kila siku baada ya chakula cha mchana utazisikia njuga zinapanda, na huyo mwanamke anabwabwaja. Kwa watu alijitetea kwamba anafanya mazoezi. Kweli alikuwa anafanya, kwa siku mbili tatu za mwanzo. Baadaye alikuwa na furaha tu, na furaha yenyewe ilimtia aibu, mwanamke mzima anayeng'ang'ania kumaliza vyombo haraka ili akapande kilima akaongee na jiwe.

Sasa ngoja nikueleze alichofanya, na nitakueleza huku nimekasirika, kwa sababu hata leo nikikumbuka nakasirika.

Kila mtu wa Nibusawa anajua sheria ya makaburini. Imeandikwa kwenye ubao langoni kwa herufi kubwa: rudi na sadaka zako. Unamwekea marehemu chakula, unafumba mikono, kisha unakila wewe mwenyewe hapo hapo au unakifunga unarudi nacho nyumbani. Marehemu keshashiba, hana kinyongo. Kunguru wapo, mbweha wapo, dubu wapo. Watoto wetu wanaijua sheria hii kabla hawajajua kusoma. Bi Fusae aliijua na kuifuata maisha yake yote.

Ila mtu ukishaongea naye kila siku utamwacha na njaa? Akaanza kumpelekea chakula. Alikitia kwenye kile kisanduku cha bati ambacho Yoshimitsu alikuwa akibeba kwenye lori, jina lake limekwaruzwa kwa msumari kwenye kifuniko. Matonge ya wali yenye mayai ya samoni ndani, samoni wa chumvi wa kuchoma, maharage matamu, vitu alivyokuwa akipenda. Akamwekea, akafumba mikono, akanyoosha mkono akichukue kisanduku.

Na hapo akamsikia. Si kwamba mizimu ilisema, hapana, alimsikia jinsi wewe unavyomsikia mtu wako uliyekaa naye miaka. Yoshimitsu alikuwa mlaji wa pole pole, mwenye kusimulia huku kashika vijiti vya kulia hewani, na Fusae, aliyezoea kasi ya kiwandani, alikuwa akimwondolea sahani kabla hajamaliza, akaioshe mambo yaishe. Kila siku ya ndoa yao. “Mama, mbona unaninyang'anya? Bado nakula!” Ulikuwa ni utani wao. Lakini sasa mkono wake ulisimama juu ya kile kisanduku, na haukuweza.

“Haya, kula,” akasema. “Kula taratibu. Nitachukua kesho.”

Kesho yake kisanduku kilikuwa kitupu, kimelambwa kikang'aa, kifuniko kimesogezwa kando. Hebu sema wewe. Hakujua? Alijua. Alijua ni mbweha au kunguru, akajiambia ni mbweha, mbweha si kitu. Lakini mtu ambaye kwa miaka mitatu anapika kwa sufuria ndogo, anakula nusu, na nusu anaimwaga, akiona chakula chake kimeliwa chote, moyo wake unafanya nini? Ulimruka kwa furaha. Akaweka tena. Na tena. Akawa anapika mapema, anapika vizuri, anaonja chumvi. Siku za Bon zilikuwa zinakaribia, na huku nyumbani alikuwa anafungasha kila kitu kwa uangalifu mkubwa, peremende zote kazitoa mifukoni, dawa ya meno kaifunga mifuko miwili.

Tangazo lilimkuta uani anakung'uta mifuko ya kulalia. Spika za ofisi ya mji zililia ile milio yake, kisha sauti ya yule binti wa ofisini ikasema pole pole, neno moja moja, jinsi wanavyosema siku zote. Dubu ameonekana eneo la makaburi, saa sita mchana. Amepigiwa honi ya gari, hakukimbia. Njia ya makaburini imefungwa. Kambi ya mlangoni mwa mto imefungwa mpaka itakapotangazwa tena.

Bi Fusae alibaki ameshika mfuko mdogo, ule wa Kotoha, wenye picha za nyota. Hakujidanganya hata kidogo. Mambo yote yalimjia pamoja, akakaa chini pale pale kwenye figili.

Jioni Iwabuchi alikuja, ana kitu kimefungwa kwenye gazeti. Hakuvua viatu, hakuingia ndani. Akalifungua gazeti pale mlangoni. Kisanduku kilikuwa kimebonyea, na kwenye kifuniko, juu ya jina, palikuwa na matundu ya meno.

“Nimekiokota kabla ya wenzangu,” akasema. “Ni chako.”

“Ni chake.”

“Mama Kensaku!” Iwabuchi akapandisha sauti, mtu ambaye hapandishi sauti. “Wewe! Angefanya mtalii ningesema hajui. Wewe! Nimekwambia kwa kinywa changu! Umeacha mara ngapi?”

“Kila siku.”

Iwabuchi akakaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaigeuza geuza. Hasira zilimtoka zote kwa pamoja, akabaki mzee tu amechoka. “Ofisini nimesema ni watalii. Usije ukaniumbua.”

“Kambi itafunguliwa lini?”

“Si kabla ya Bon.”

“Hata mkimpata?”

“Hata tukimpata. Na tutampata, harudi mwituni huyo. Umeshamzoesha.”

Bi Fusae alitaka kusema neno. Alitaka kusema kwamba wanakuja, kwamba hema ni la watu wanne. Akasema, “Asante kwa kukileta,” na Iwabuchi akavaa kofia yake akaondoka.

Wawindaji walimpata kesho yake mchana. Bi Fusae alikuwa jikoni, akausikia mlio mmoja wa bunduki kule juu, kisha mwingine. Iwabuchi alimwambia baadaye, kwa sababu alimuuliza, na alipomuuliza ilibidi amwambie. Hawakumtafuta hata. Walijificha nyuma ya mawe, wakamwona anakuja mwenyewe kwa ile njia, saa ile ile ya baada ya chakula cha mchana, akaketi mbele ya kaburi la Onodera, akangoja. Jike changa, ngozi na mifupa. Ndiyo kwanza kaachana na mama yake, mwaka wake wa kwanza peke yake.

“Aliketi?” akauliza Bi Fusae.

“Aliketi.”

Dukani watu hawakuwa na habari nyingine. Hisano alikuwa anagonga mashine ya hesabu kama imemkosea. “Watalii hawa! Hawana adabu hata chembe! Wanakuja wanatapanya vyakula vyao, kisha wanarudi makwao, sisi tunabaki na dubu. Ningemjua aliyefanya ningemlisha hiyo takataka yake mwenyewe. Na wewe mwenzangu, safari yako ndiyo hivyo tena! Masikini, na hema ulivyolihangaikia. Wanasemaje Saitama?”

“Bado hawajapiga,” Bi Fusae akasema, akachukua tofu yake, akatoka.

Walipiga siku ya pili yake. Kensaku alikuwa ameshaona habari, maana siku hizi habari ya dubu inafika Saitama kabla haijafika ng'ambo ya mto wetu. Aliongea haraka kuliko kawaida yake. Minori amesema haiwezekani. Si makosa yake, mama, yeye ni mwoga tu. Mtoto wamemtafutia kambi nyingine huko huko karibu, ina mabafu, ina duka, wameshalipia. Mwaka ujao, mwaka ujao bila kukosa.

“Kwenye nyumba je?” Bi Fusae akasema. “Si lazima hema. Nyumba ipo. Ina milango.”

“Mama, tumeshalipia huku.”

“Haya.”

“Washenzi hawa watalii,” Kensaku akasema, akitafuta pa kuelekeza uchungu wake. “Samahani, ila inakera. Mtu mmoja anaacha takataka yake, watu wote wanaumia.”

Bi Fusae angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo. Iwabuchi alishamwekea uwongo mzuri, na mji mzima ulishauamini. Lakini palikuwa na kelele upande wa pili, simu ikanyang'anywa.

“Bibi! Dubu amekufa?”

“Amekufa, mjukuu wangu.”

“Alikuwa mbaya?”

“Hapana. Hakuwa mbaya.”

“Sasa nani alimpa chakula?”

Bi Fusae hakuwa amejiandaa. Mtoto alikuwa amemuuliza jambo, na alikuwa hajapata kumdanganya.

“Mimi,” akasema.

Halafu akamsikia Kotoha, mbali na simu, anasema, “Baba, bibi anasema ni yeye,” na simu ikabadilisha mikono tena.

“Mama? Anasema nini huyu?”

“Anasema kweli. Nilikuwa namwachia baba yako chakula. Kule juu.”

“Kumwachia? Mama, unajua kabisa hairuhusiwi! Wewe ndiye uliyenifundisha mimi! Kwa nini?”

“Nilikuwa naongea naye. Kila siku nilikuwa napanda naongea naye, na nikaona vibaya kumwondolea sahani. Sina mtu mwingine wa kuongea naye, Kensaku. Ndiyo sababu. Hakuna sababu nyingine.”

Kule Saitama runinga ilikuwa inawaka, watu wanacheka ndani yake. Mtu akaizima. Kensaku hakusema haya mama. Hakusema kwaheri. Bi Fusae alimsikia anavuta kiti, anakaa, na alipofungua tena mdomo hakuwa na haraka hata kidogo, alikuwa na sauti ya yule mtoto aliyekuwa akirudi shule viatu vimejaa theluji.

“Mama,” akasema. “Niko hapa. Niambie basi. Nakusikiliza.”

Bi Fusae akaishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa na mengi. Kule njiani kwenye mianzi alikuwa hamalizi, alikuwa akifika kambini bado ana jingine. Akafungua mdomo, akangoja, akatafuta hata moja, asilipate. Kensaku alikuwa anangoja vilevile, alimsikia anapumua.

“Huku asubuhi kulinyesha,” akasema hatimaye.

“Eeh,” Kensaku akaitikia. “Kwetu ni joto tu.”